Kutambua Mbwa Katika Picha kwa Kujifunza kwa Mashine: Mwongozo Kamili

Picha ya rangi yenye piseli 224 kwa 224 ni, mbele ya kompyuta, orodha ya namba 150,528. Kila piseli ina namba tatu, za wekundu, ukijani na ubuluu, na hakuna hata moja kati ya namba hizo inayotamka neno mbwa. Mbwa yuleyule akigeuza kichwa, akiingia kivulini au akijilaza nyuma ya kiti, karibu namba zote hubadilika, ilhali jicho la binadamu linaendelea kumwona mbwa mmoja. Ndiyo sababu majaribio ya kuandika kanuni kwa mkono, kwamba masikio yawe hivi na pua iwe vile, hayakufika mbali. Leo tunaionyesha kompyuta mifano mingi pamoja na majibu yake, kisha tunaiacha itafute yenyewe uhusiano uliopo kati ya namba na jina.

Mwongozo huu unamchukua msomaji anayejua misingi ya lugha ya Python kutoka kwenye picha tupu hadi kwenye modeli inayofanya kazi, yaani programu iliyojifunza kujibu kutokana na mifano. Nitatumia maktaba ya PyTorch pamoja na torchvision, ingawa mawazo yenyewe hayafungwi na maktaba yoyote. Kuna jambo moja ninalomwomba msomaji alishike tangu mwanzo, kwa sababu karibu kila hatua itarudi kwake: modeli hujifunza tofauti iliyo rahisi kuliko zote kati ya mafungu ya picha uliyoipa, na tofauti hiyo si lazima iwe mbwa. Inaweza kuwa majani, kamba ya shingoni, aina ya kamera, au hata ukungu unaobaki kwenye picha iliyobanwa mno. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi haimo katika kuchagua mtandao wa neva (modeli iliyopangwa kwa tabaka za hesabu) ulio mpya kuliko yote, bali imo katika picha zenyewe na katika namna ya kupima.

Hatua ya kwanza: Tamka swali lako kwa ukamilifu

Maneno "kutambua mbwa" yanabeba kazi nne tofauti. Ya kwanza ni kuainisha: je, katika picha hii kuna mbwa au hakuna? Ya pili ni kutafuta: mbwa ni wangapi, na kila mmoja yuko sehemu gani ya picha? Ya tatu ni kutaja aina, kwa mfano kutenganisha Labrador na Golden Retriever. Ya nne ni kumtambua mbwa mmoja mahususi, kama vile kuthibitisha kwamba mbwa aliyepatikana leo ndiye yuleyule aliyepotea wiki iliyopita. Kila kazi inadai lebo zake, yaani majibu sahihi yanayoambatishwa kwenye picha. Kwa kuainisha, neno moja kwa kila picha linatosha. Kwa kutafuta, lazima kila mbwa achorewe kisanduku. Kwa kutaja aina, anayeweka lebo lazima awe anawajua mbwa. Na kwa kumtambua mbwa mmoja, unahitaji picha nyingi za kila mbwa zilizopigwa nyakati tofauti.

Baada ya kuchagua kazi, andika mipaka ya jibu lako. Je, mchoro wa mbwa ni mbwa? Sanamu yake je, au mbwa anayeonekana kwenye skrini ya runinga iliyo ndani ya picha? Picha inayoonyesha mkia peke yake inahesabiwa? Mbwa mwitu na mbweha wanaingia upande gani? Hakuna jibu moja linalomfaa kila mtu, lakini watu wawili wanaoweka lebo wakijibu tofauti, modeli itarithi mkanganyiko wao. Ukurasa mmoja wa maamuzi, ulioandikwa kabla ya lebo ya kwanza, huokoa siku nyingi za kusahihisha.

Nitashika kazi ya kwanza hadi mwisho wake, kisha nitaonyesha njia ya kwenda kwenye ya pili na ya tatu.

Hatua ya pili: Pima kwanza modeli iliyokwisha kufunzwa na wengine

Mwaka 2009 ulitangazwa mkusanyiko wa picha uitwao ImageNet, na kuanzia mwaka 2010 ukawa uwanja wa mashindano ya kila mwaka ya kuainisha picha katika makundi 1,000. Mwaka 2012 mtandao wa neva wa AlexNet ulishinda kwa kiwango cha makosa cha asilimia 15.3, kosa likihesabiwa pale jibu sahihi lisipokuwemo katika makisio matano ya kwanza. Mwaka 2015 mitandao ya ResNet ilikishusha kiwango hicho hadi asilimia 3.57. Lililo muhimu kwetu ni kwamba waandaaji walitaka kupima uwezo wa kutenganisha vitu vinavyofanana sana, na kwa ajili hiyo makundi 118 kati ya yale 1,000 ni aina za mbwa. Ukihesabu kuanzia sifuri, mbwa wanashika nafasi ya 151 hadi 268 bila kukatika. Ukijumlisha alama za nafasi hizo zote, unapata kitambua mbwa bila kufunza chochote:

```python
import torch
from PIL import Image, ImageOps
from torchvision import models

uzito = models.ResNet18_Weights.DEFAULT
modeli = models.resnet18(weights=uzito).eval()
andaa = uzito.transforms()

picha = ImageOps.exif_transpose(Image.open("picha.jpg")).convert("RGB")
with torch.no_grad():
    alama = modeli(andaa(picha).unsqueeze(0)).softmax(dim=1)[0]
print(alama[151:269].sum().item())
```

Namba inayochapishwa iko kati ya 0 na 1, na kadiri inavyoikaribia 1 ndivyo modeli inavyodai kwamba kuna mbwa. Chukua picha zako 100, nusu zikiwa na mbwa na nusu zikiwa hazina, uzipitishe zote, kisha uandike matokeo. Hicho ndicho kipimo chako cha msingi, na modeli yoyote utakayoifunza baadaye lazima ikishinde, la sivyo haina kazi. Ikiwa matokeo haya yanatosheleza haja yako, ninakushauri kwa dhati uishie hapa, kwani modeli isiyofunzwa upya haina data ya kukusanya wala ya kutunza.

Mara nyingi, hata hivyo, utaona mapengo mawili. Pengo la kwanza ni kwamba modeli hii ilifunzwa kutoa jina moja kwa kila picha, kwa hiyo mbwa aliyeshika mpira wa tenisi anaweza kugawana alama na mpira, maana mpira wa tenisi nao ni mojawapo ya makundi 1,000, na jumla ya mbwa ikashuka ingawa mbwa yupo waziwazi. Pengo la pili ni kwamba maandalizi ya kawaida hukata sehemu ya katikati ya picha, hivyo mbwa aliyesimama pembeni anaweza kukatwa kabla hata modeli haijaitazama picha.

Hatua ya tatu: Kusanya picha, hasa zile zisizo na mbwa

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Kuna makusanyo ya wazi ya kuanzia. Stanford Dogs, lililotolewa mwaka 2011, lina picha 20,580 za aina 120 pamoja na visanduku vinavyoonyesha mbwa alipo. Oxford-IIIT Pet, la mwaka 2012, lina aina 37, za mbwa 25 na za paka 12, kila moja ikiwa na picha zipatazo 200, tena mipaka ya mwili wa mnyama imechorwa. Mashindano ya mbwa dhidi ya paka yaliyowekwa kwenye jukwaa la Kaggle mwaka 2013 yalitoa picha 25,000 zenye lebo.

Kila moja lina mtego wake. Picha za Stanford Dogs zilitolewa ndani ya ImageNet, kwa hiyo modeli iliyofunzwa kwa ImageNet inaweza kuwa imekwisha kuziona baadhi ya picha unazodhani unaijaribia, na alama yake ikapanda bila ya uwezo wake kupanda. Aidha, aina 120 za mkusanyiko huo zinajumuisha dingo na mbwa mwitu wa Afrika, jambo ambalo huenda likapingana na ukurasa wako wa maamuzi. Makusanyo ya aina yameegemea mbwa wa ukoo unaojulikana, ilhali mbwa wengi duniani ni machotara wasio na jina la aina. Nayo data ya mbwa dhidi ya paka inafundisha ulimwengu wenye wanyama wawili tu: ukiionyesha modeli hiyo mbuzi, italazimika kumwita mbwa au paka, na mara nyingi itafanya hivyo kwa kujiamini.

Fungu la picha zisizo na mbwa ndilo linaloamua ubora wa modeli, na ndilo linalopuuzwa zaidi. Usilijaze kwa milima, majengo na sahani za matunda peke yake, kwa sababu kutenganisha mbwa na mlima hakuhitaji kumjua mbwa, manyoya yanatosha. Weka wanyama wanaokaribiana naye kwa umbo: paka, mbweha, mbuzi, ndama, kondoo. Weka wanasesere wenye manyoya na mazulia ya manyoya. Kisha, na hili ndilo la muhimu kuliko yote, weka mazingira ya mbwa bila mbwa: kochi lilelile, uwanja uleule, bakuli la chakula lililoachwa, kamba ya kumwongozea ikiwa sakafuni, mtu aliyeinama kana kwamba anampapasa mnyama. Kwa kila mandhari inayojirudia katika fungu la mbwa, jiulize kama inaonekana pia katika fungu la pili. Ikiwa haionekani, umeipa modeli njia ya mkato, nayo itaifuata.

Upande wa mbwa nao unahitaji upana. Tafuta mbwa weusi waliopigwa picha mahali penye mwanga hafifu, kwani hao hupotea kirahisi. Watoto wa mbwa. Mbwa waliogeuka nyuma, waliojikunja usingizini, waliofichwa nusu na meza, walio mbali, waliovishwa nguo, na walio wengi kwa pamoja. Picha zinazopigwa kwa makusudi humwonyesha mbwa akiwa katikati, akitazama kamera mchana kweupe, na modeli iliyolelewa kwa picha hizo pekee itashtuka siku ya kwanza kazini.

Kuhusu idadi, ukitumia modeli iliyokwisha kufunzwa kama msingi, picha 500 kwa kila upande ni mwanzo mzuri. Funza kwa nusu yake, kisha kwa zote, na ulinganishe. Ikiwa matokeo bado yanapanda, ongeza picha. Ikiwa yamesimama, wingi hautasaidia, na unachohitaji ni picha za namna tofauti.

Waombe watu wawili waweke lebo kwenye picha 200 zilezile bila kushauriana, halafu mpitie kwa pamoja pale walipotofautiana. Hakikisha pia una ruhusa ya kutumia kila picha. Picha za simu mara nyingi hubeba ndani yake viwianishi vya mahali zilipopigwa, ambavyo vinaweza kufichua nyumba ya mwenye mbwa. Viondoe kabla ya kuzihifadhi au kuzigawa.

Hatua ya nne: Gawa picha kabla ya kufunza

Tenga mafungu matatu: takriban asilimia 70 za kufunzia, 15 za kuhakiki wakati wa kufunza, na 15 za jaribio la mwisho. Mgawanyo wa kubahatisha picha moja moja unaonekana kuwa wa haki, lakini kwa mbwa una kasoro kubwa. Mtu akimpiga mbwa wake picha kumi na mbili kwa dakika moja, na tisa zikaingia kwenye mafunzo huku tatu zikiingia kwenye jaribio, modeli itajibu zile tatu kwa kukumbuka kochi na ukosi wa shingoni. Gawa kwa mbwa, au kwa mpiga picha, au kwa siku, ili picha zote zenye asili moja zibaki upande mmoja.

Ondoa pia nakala. Picha zilizokusanywa mtandaoni hujirudia zikiwa zimepunguzwa ukubwa au kukatwa kingo, kwa hiyo kulinganisha faili baiti kwa baiti hakutazigundua. Tumia programu inayokokotoa alama fupi ya mwonekano wa picha, kisha utazame kwa macho jozi ambazo alama zake zinakaribiana. Likishatengwa, fungu la jaribio lifungwe. Kila mara unapolitazama na kubadilisha kitu kwa sababu ya ulichokiona, linapoteza kidogo thamani yake.

Hatua ya tano: Andaa picha kwa namna moja kila mahali

Simu nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala, zikiandika pembeni kwamba igeuzwe wakati wa kuonyeshwa. Maktaba ya Pillow haiigeuzi yenyewe, ndiyo maana katika programu ya hapo juu niliita `exif_transpose`. Bila mstari huo utafunza modeli kwa mbwa waliolala ubavu bila kujua, kwa sababu kila ukifungua picha kwa programu ya kawaida utaiona imesimama vizuri. Kadhalika, `convert("RGB")` inaondoa matatizo ya picha zenye tabaka la uwazi na zile za kijivu. Ukitumia OpenCV kusoma picha, kumbuka kwamba yenyewe hutanguliza buluu badala ya nyekundu. Modeli itaendelea kujibu, ila vibaya zaidi, na hakuna ujumbe wa kosa utakaokuonya.

Wakati wa kufunza ni desturi kuzigeuzageuza picha ili modeli isiyazoee mambo yasiyo na maana. Kugeuza kushoto kuwa kulia hakuna madhara. Kugeuza juu chini hakufai, isipokuwa kama unatarajia picha za namna hiyo. Kubadilisha mwanga kidogo kunasaidia sana kwa wale mbwa weusi. Ninalotaka kutahadharisha ni ukataji wa kubahatisha: chombo cha `RandomResizedCrop` kwa kawaida huruhusu kipande kidogo hadi asilimia 8 ya eneo la picha. Ikiwa mbwa amesimama pembeni, kipande hicho huwa majani matupu yenye lebo ya "mbwa", na kwa kufanya hivyo unaifundisha modeli kwa mikono yako kwamba majani ni mbwa. Weka `scale=(0.6, 1.0)`, kisha chapisha picha 50 zilizokwisha kugeuzwa na uzitazame moja baada ya nyingine.

Hatua ya sita: Funza, kwanza tabaka la mwisho

ResNet-18 ina vigezo vipatavyo milioni 11.7, yaani namba za ndani zinazorekebishwa modeli inapojifunza; kwa pamoja huitwa uzito wake. Tabaka zake za mwanzo zimejifunza kingo, rangi na maumbo ambayo ni ya manufaa kwa picha za kila aina, kwa hiyo hatuna haja ya kuzivunja. Tunazifungia zote, tunaondoa tabaka la mwisho lenye majibu 1,000 na kuweka jipya lenye majibu mawili. Tabaka hilo linapokea namba 512, hivyo lina vigezo 1,026 tu vya kujifunza, na ndiyo maana hata kompyuta isiyo na kadi ya michoro inaweza kuifanya kazi hii. Katika programu ifuatayo, `mafungu_ya_mafunzo` ni `DataLoader` ya PyTorch unayoiandaa mwenyewe ili itoe picha za kufunzia pamoja na lebo zake, fungu baada ya fungu.

```python
for kigezo in modeli.parameters():
    kigezo.requires_grad = False
modeli.fc = torch.nn.Linear(512, 2)

kiboreshaji = torch.optim.Adam(modeli.fc.parameters(), lr=0.001)
kipimo = torch.nn.CrossEntropyLoss()

modeli.eval()
for raundi in range(10):
    for picha, lebo in mafungu_ya_mafunzo:
        kiboreshaji.zero_grad()
        kosa = kipimo(modeli(picha), lebo)
        kosa.backward()
        kiboreshaji.step()
```

Msomaji aliyezoea PyTorch atashangaa kuona `eval()` wakati wa kufunza. Ni kwa makusudi: ndani ya ResNet kuna tabaka za kusawazisha ambazo hubadilisha wastani wake kila zinapopitisha data katika hali ya mafunzo, hata kama vigezo vyake vimefungwa. Kwa kuwa tunataka msingi ubaki kama ulivyo, tunaziacha katika hali ya matumizi.

Kabla ya kufunza kwa picha zote, fanya ukaguzi wa aina mbili. Kosa hapa ni namba inayopima jinsi majibu ya modeli yalivyo mbali na lebo. La kwanza kabisa, kabla modeli haijajifunza lolote, linapaswa kuwa karibu na 0.69, ambayo ni logi asilia ya 2, kwa maana modeli inabahatisha kati ya majibu mawili. Likiwa kubwa mno, kagua maandalizi ya picha. Kisha chukua picha 20 tu na uzirudie mara nyingi. Modeli ikishindwa kuzikariri hata hizo, tatizo liko kwenye programu au kwenye mpangilio wa lebo, wala halitatatuliwa kwa kuongeza data.

Katika mafunzo kamili, fuatilia kosa la mafungu mawili, la mafunzo na la uhakiki. La mafunzo likiendelea kushuka huku la uhakiki likipanda, modeli imeanza kukariri kama kasuku. Rudi kwenye raundi ambayo uhakiki ulikuwa bora na utumie uzito uliohifadhiwa hapo. Tabaka la mwisho likishatulia, unaweza kuzifungua tabaka nyingine na kuendelea kwa kasi ndogo ya kujifunza, kwa mfano 0.00001. Ukizifungua zote tangu mwanzo kwa kasi kubwa, utafuta yale uliyorithi bila ya kuwa na picha za kutosha kuyajenga upya.

Hatua ya saba: Pima kwa namba zinazosema ukweli

Tuseme una picha 1,000, na 100 tu kati yake zina mbwa. Modeli inayojibu "hakuna" kila mara inapata asilimia 90 bila kujua lolote. Sasa tuchukue modeli inayosema "mbwa" kwa picha 120, na kati ya hizo 90 ni za kweli. Imekosea mara 40 kwa jumla, yaani 30 kwa kudai mbwa asiyekuwepo na 10 kwa kumkosa aliyekuwepo, kwa hiyo iko sahihi kwa asilimia 96. Namba hiyo inapendeza lakini inaficha mambo mawili unayohitaji kuyajua: kwamba anaposemwa mbwa, uhakika ni asilimia 75, na kwamba kati ya mbwa wote waliokuwepo, imewaona asilimia 90. Ripoti namba hizi mbili daima, kila moja kwa jina lake.

Uwiano kati yake unaamuliwa na kizingiti, yaani alama ambayo ikivukwa unasema "mbwa". Hakuna sheria inayosema kiwe 0.5. Anayetafuta mbwa aliyepotea katika maelfu ya picha atakishusha, kwa sababu kumkosa ni hasara kubwa kuliko kutazama picha chache za ziada. Anayetaka kengele isimwamshe usiku bure atakipandisha. Kizingiti kichaguliwe kwa fungu la uhakiki, kamwe si kwa fungu la jaribio. Tena usichukulie alama ya 0.98 kuwa ni uhakika wa asilimia 98, kwa sababu mitandao ya kina huwa na mazoea ya kujiamini kupita kiasi.

Kumbuka pia udogo wa jaribio lako. Kwa picha 100 na majibu sahihi 90, uwezo wa kweli unaweza kuwa juu au chini ya hapo kwa takriban asilimia 6, kwa hiyo modeli iliyopata 92 haijaishinda ile iliyopata 90.

Hatua ya nane: Chunguza modeli inatazama nini

Mwaka 2016 watafiti Ribeiro, Singh na Guestrin walifunza kwa makusudi modeli mbovu ya kutenganisha mbwa mwitu na mbwa wa aina ya Husky. Picha za mafunzo zilichaguliwa ili mbwa mwitu wote wawe na theluji nyuma yao na Husky wasiwe nayo, na modeli ikajifunza theluji. Wao walijua kasoro ilipo kwa sababu waliitega wenyewe. Kasoro zako wewe hazijulikani, na lazima zitafutwe.

Kuna zana kama Grad-CAM zinazopaka rangi sehemu za picha zilizochangia jibu, nazo zinafaa. Lakini jaribio lisilohitaji zana yoyote ni hili: chukua picha 50 ambazo modeli ilizijibu vizuri, mfunike mbwa kwa mraba wa kijivu, kisha uulize tena. Alama ikibaki juu, modeli ilikuwa ikitazama mandhari. Halafu pitia makosa yote ya fungu la uhakiki kwa macho yako, uyapange kwa sababu: giza, umbali, mnyama anayefanana, lebo mbovu. Rundo lililo kubwa kuliko mengine ndilo linalokueleza picha gani uende kutafuta, na hivyo unarudi kwenye hatua ya tatu. Mzunguko huu, kwa maoni yangu, unaleta faida kubwa kuliko kubadilisha ResNet-18 kwa mtandao mkubwa zaidi.

Hatua ya tisa: Mbwa yuko wapi, na ni wa aina gani

Picha yenye upana wa piseli 4,000 ikipunguzwa hadi 224, mbwa mwenye upana wa piseli 100 anabaki na piseli kati ya tano na sita, na hakuna modeli itakayomtambua. Katika hali hiyo tumia modeli ya kutafuta. Mkusanyiko wa COCO, wa mwaka 2014, una makundi 80 ya vitu na mbwa ni mojawapo, kwa hiyo modeli za jamii ya YOLO na Faster R-CNN zilizofunzwa kwa mkusanyiko huo huchora visanduku vya mbwa bila mafunzo ya ziada. Kisanduku huhesabiwa kuwa sahihi pale eneo ambalo kinapishana na kisanduku cha kweli, likigawanywa kwa eneo lote ambalo viwili hivyo vinalifunika, linapofikia angalau 0.5.

Kwa kutaja aina, kwanza mkate mbwa kwa kisanduku, kisha kipande hicho kipelekwe kwenye modeli ya aina. Kwa njia hiyo mandhari haipati nafasi ya kudanganya. Kuwa mwangalifu na kubadilisha rangi wakati wa mafunzo, kwani rangi ni dalili ya kweli kwa baadhi ya aina. Kubali pia mipaka ya picha. Poodle wadogo na wakubwa wanatofautishwa hasa kwa kimo, na kimo hakisomeki kwenye picha isiyo na kitu cha kulinganishia. Norfolk Terrier na Norwich Terrier wanatofautishwa hasa kwa masikio, ambayo kwa wa kwanza huangukia mbele na kwa wa pili husimama, kwa hiyo picha isiyoonyesha masikio haina jibu. Machotara nao wapewe nafasi ya "aina haijulikani" badala ya kulazimishwa jina. Sioni kuwa ni haki kutumia makisio ya modeli peke yake kuamua hatima ya mbwa kwa sababu ya aina anayodhaniwa kuwa.

Hatua ya kumi: Ipeleke kazini na uendelee kuitazama

Uzito wa ResNet-18 unachukua takriban megabaiti 45. Kwa simu, MobileNetV2 yenye vigezo milioni 3.5 ni chaguo jepesi, na kuhifadhi vigezo kwa biti 8 badala ya 32 hupunguza ukubwa hadi karibu robo. Kila unapopunguza, rudia vipimo vya hatua ya saba, kwa maana upungufu hauwaangukii mbwa wote kwa usawa. Walio gizani na walio mbali ndio huumia kwanza.

Kabla ya kufungua milango, chukua picha 20 zilezile, uzipitishe kwenye programu ya mafunzo na kwenye programu itakayotumika, kisha ulinganishe alama. Zikitofautiana kwa zaidi ya chembe ndogo ya desimali, kuna hatua ya maandalizi isiyofanana pande zote mbili, na kwa kawaida ni mzunguko wa picha, mpangilio wa rangi au ukubwa. Baada ya hapo, kwa ridhaa ya wenye picha, hifadhi zile ambazo alama zake zilikuwa karibu na kizingiti pamoja na zile ambazo watumiaji walisema zimejibiwa vibaya, uziwekee lebo, na uziongeze kwenye mafunzo ya toleo linalofuata. Toleo jipya lipimwe kwa fungu lilelile la jaribio la zamani pamoja na picha mpya zilizotengwa, na uzito wa toleo lililotangulia ubaki umehifadhiwa ili uweze kuurudisha siku hiyohiyo ikiwa jipya litafanya vibaya.